Barua kutoka Mji wa Dedekind

Braunschweig, Ujerumani

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba goti la bibi limepata nafuu na wewe umefungua shule salama. Huku baridi imeanza kung'ata, na saa kumi na nusu jioni giza limekwisha kuingia.

Swali lako nimekaa nalo tangu siku ulipolituma. Unasema mwalimu amewaambia kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414, kisha papo hapo akaongeza kwamba tarakimu zake haziishi wala hazijirudii kwa mpango wowote. Ukauliza: kama hakuna aliyewahi kumaliza kuiandika, hiyo ni namba kweli au ni makadirio tu tunayokubaliana? Swali hilo limewaumiza vichwa watu wazima kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na mmoja wa waliolijibu alizaliwa na kuzikwa katika mji huu. Nilipopata nafasi kazini nikapanda treni kutoka Hannover, nipite katika mitaa yake na kukujibu nikiwa hapahapa.

Braunschweig ni mji wa kaskazini mwa Ujerumani, na kitovu chake cha kale kimezungukwa na matawi ya mto Oker. Katika uwanja wa Burgplatz amesimama simba wa shaba nyeusi, kumbukumbu ya mtawala Heinrich, aliyepewa jina la Simba, katika karne ya 12. Anayenyeshewa na mvua pale nje ni nakala; yule wa asili amehifadhiwa ndani ya kasri la jirani. Wageni wengi huishia hapo na kamera zao. Mimi nilipita, nikaenda kumtazama Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1777. Kwenye kitako cha sanamu yake pamechorwa nyota ya ncha 17, kwa sababu mwaka 1796, kabla hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari pekee. Alipokuwa mzee, akifundisha Göttingen, mwanafunzi wake wa mwisho wa shahada ya udaktari alikuwa kijana wa kutoka kwao: Richard Dedekind, aliyezaliwa mwaka 1831 na kupata shahada hiyo mwaka 1852. Huyo ndiye niliyemfuata huku.

Kabla sijakueleza alichofanya, chukua karatasi ya A4, kama zile mnazopewa kwenye mitihani. Ikunje katikati ya ule upande mrefu. Utapata karatasi ndogo yenye umbo lilelile la kubwa, na ukiikunja tena, umbo halibadiliki. Jaribu kwa karatasi ya vipimo vingine, tuseme mraba, uone kama itakubali. Ili karatasi ikunjwe bila kupoteza umbo, urefu wake gawa kwa upana wake lazima uwe namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Mwaka 1786, Georg Christoph Lichtenberg, mwalimu wa chuo kikuu cha Göttingen, aliieleza sifa hiyo katika barua. Mwaka 1922 Wajerumani wakaifanya kuwa kipimo rasmi cha karatasi zao, na leo kinatumika karibu dunia nzima, pamoja na shuleni kwenu.

Sasa shika rula upime. Upana ni milimita 210 na urefu ni milimita 297. Gawa zote kwa 3, utabaki na 70 na 99. Kwa hiyo umbo la karatasi yako, kwa vipimo vya kiwandani, ni 99 juu ya 70. Je, sehemu hiyo ndiyo kipeuo cha pili cha 2? Ihakiki: 99 mara 99 ni 9,801. Na 70 mara 70 ni 4,900, mara mbili yake ni 9,800. Imezidi kwa moja tu! Kiwanda hakina haja ya kuhangaika na hiyo moja, kwa kuwa mkasi wenyewe hukosea zaidi ya hapo. Lakini wewe umeniuliza habari za namba, na katika hisabati hiyo moja inatosha kuikataa 99/70. Ukitafuta sehemu nyingine utapata zilizo karibu zaidi, mpaka uchoke, ila ya sawasawa hutaipata. Siyo kwamba hatujatafuta vya kutosha. Tunajua haipo, na sababu yake unaweza kuielewa leo hii.

Tuseme ipo sehemu, imekwisha kurahisishwa mpaka mwisho, ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2. Basi kiasi mara kiasi ni sawa na mara mbili ya asili mara asili. Hiyo ina maana kwamba kiasi mara kiasi ni namba shufwa. Na kwa kuwa witiri mara witiri haitoi shufwa kamwe, kiasi chenyewe ni shufwa. Kama kiasi ni shufwa, basi kiasi mara kiasi kinagawanyika kwa 4. Gawa kwa 2 pande zote mbili, utaona kwamba asili mara asili nayo ni shufwa, kwa hiyo asili pia ni shufwa. Sasa kiasi na asili vyote viwili vinagawanyika kwa 2, na sisi tulianza kwa kusema sehemu yetu imerahisishwa mpaka mwisho. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Sehemu hiyo haipo. Na kwa kuwa kila desimali inayokoma au inayojirudia inaweza kuandikwa kama sehemu, tarakimu za kipeuo cha 2 haziwezi kukoma wala kujirudia. Mwalimu wako alisema kweli.

Watu wa Babeli walikuwa na namba hii mikononi karibu miaka 1800 hadi 1600 kabla ya Kristo. Kibao chao kimoja cha udongo, ambacho leo kiko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kina mraba uliochorewa mistari ya kona kwa kona. Juu ya mstari mmoja wameandika, kwa hesabu yao ya sitini sitini, thamani iliyo sawa na kipeuo cha 2 kwa desimali tano za mwanzo. Wagiriki ndio waliothibitisha kwamba ulalo wa mraba hauwezi kuelezwa kwa sehemu yoyote ya ubavu wake, na wakaamua kuushughulikia kama urefu, bila kuuita namba. Abu Kamil wa Misri, yapata mwaka 900, alivitumia vipeuo vya namna hiyo katika milinganyo bila woga, na mwaka 1077 Omar Khayyam aliandika kitabu kuhusu sehemu ngumu za kitabu cha Mgiriki Euclid na humo akauliza kama uwiano wa namna hii unaweza kuhesabiwa kuwa namba. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Msingi wake ndio haukuwa umejengwa.

Jambo linaloshangaza ni jinsi sehemu zilivyosongamana kwenye mstari wa namba. Chukua mbili zozote, hata zikaribiane vipi. Zijumlishe, gawa kwa 2, umepata ya tatu katikati yao. Mtu angedhani kwa msongamano huo hakuna upenyo uliobaki. Na bado pale ambapo kipeuo cha 2 kingepaswa kukaa, hakuna sehemu hata moja. Kwa sehemu peke yake mstari umejaa matundu ambayo jicho haliyaoni.

Dedekind alikumbana na matundu hayo akiwa kazini kama mwalimu. Mwaka 1858 aliajiriwa na Polytechnic ya Zürich, Uswisi, na kwa mara ya kwanza akalazimika kufundisha misingi ya kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko. Kila alipofika kwenye kanuni kwamba kitu kinachoongezeka bila kukoma, lakini kisichovuka mpaka fulani, lazima kiikaribie namba fulani, ilimbidi achore mstari ubaoni na kuwaomba wanafunzi waamini macho yao. Hakuridhika. Aliona mchoro unafaa kumsaidia anayejifunza, ila haufai kuitwa uthibitisho. Ameandika mwenyewe tarehe alipopata jibu: 24 Novemba 1858. Alikaa nalo zaidi ya miaka 13, akarudi kufundisha hapa Braunschweig, na mwaka 1872 akalichapisha katika kijitabu alichokitoa kwa heshima ya baba yake.

Jibu lake ni hili. Zichukue sehemu zote zilizopo duniani, uzigawe katika makundi mawili. Kundi la chini: hasi zote, sifuri, na kila chanya ambayo ikizidishwa kwa yenyewe haifiki 2. Kundi la juu: kila chanya ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inavuka 2. Hakuna sehemu iliyobaki nje, maana tumeona hakuna inayotoa 2 sawasawa. Kila ya chini ni ndogo kuliko kila ya juu. Kundi la chini halina iliyo kubwa kuliko zote, na la juu halina iliyo ndogo kuliko zote. Mgawanyo huo Dedekind aliuita mkato, akasema: kila mkato unaainisha namba moja, na mkato huu ndio kipeuo cha pili cha 2.

Fikiria mpaka wa shamba la babu na la jirani yake. Hakuna anayelima juu ya mpaka wenyewe, na hauna upana wa kupandia hata punje ya mahindi. Lakini ukionyeshwa mti wowote, unasema bila kusita kama ni wa huku au wa kule, na ukishaweza kusema hivyo kwa kila mti, mpaka umeujua wote. Kipeuo cha 2 kinajulikana namna hiyo. Nipe sehemu yoyote, hata yenye tarakimu milioni, nitaizidisha kwa yenyewe na kukwambia iko upande gani. 99/70 iko juu. 140/99 iko chini, maana 140 mara 140 ni 19,600, na mara mbili ya 99 mara 99 ni 19,602. Hakuna hata moja itakayonishinda. Kwa hiyo namba hii inajulikana kikamilifu, ingawa hakuna atakayemaliza kuiandika kwa desimali. Tarakimu zile zisizokoma ni njia mojawapo ya kuielekea. Namba yenyewe haisubiri tuzimalize.

Namba halisi, basi, ni mikato yote: ile inayoangukia kwenye sehemu kama 3/4, na ile inayoangukia pasipo na sehemu. Dedekind akaonyesha jinsi ya kujumlisha mikato kwa mikato, na akasema kwamba hata kanuni ndogo kama kipeuo cha 2 mara kipeuo cha 3 ni sawa na kipeuo cha 6, kwa kadiri alivyojua, hakuna aliyekuwa ameithibitisha barabara kabla yake. Watu waliitumia karne kwa karne kwa sababu haikuwahi kuwaangusha. Muhimu zaidi, ukirudia kukata, safari hii ukizigawa namba halisi zenyewe, kila mkato unakuta namba iliyokwishakuwapo. Hakuna tundu jipya. Mstari umetimia.

Utauliza kutimia huko kuna faida gani. Chukua x mara x toa 2. Ukiweka 1 unapata hasi, ukiweka 2 unapata chanya. Tunataka kusema kwamba mahali fulani katikati inapita kwenye sifuri. Kwa sehemu peke yake haipiti! Inaruka kutoka hasi kwenda chanya juu ya tundu. Bernard Bolzano wa Prague alijitahidi kuthibitisha kanuni hiyo mwaka 1817, wakati namba zenyewe zilikuwa bado hazina msingi. Mhandisi akikokotoa boriti ya daraja itapinda kiasi gani, anategemea kwamba jibu analolikaribia lipo. Kutimia kwa namba halisi ndiko kunakompa haki hiyo.

Siku ya pili yangu hapa nilikwenda kwa treni na kurudi Halle, mji uliomzaa mwanamuziki Händel, ambaye sanamu yake imesimama sokoni. Huko ndiko alikofundisha mwanahisabati Georg Cantor kuanzia mwaka 1869 mpaka uzeeni, na ndiko alikofariki mwaka 1918. Yeye naye alichapisha maelezo yake ya namba halisi mwaka huohuo wa 1872, kwa njia nyingine: mfuatano wa sehemu zinazozidi kukaribiana, kama 1, 1.4, 1.41, 1.414. Mwaka huo wawili hao walikutana kwa bahati Gersau, Uswisi, wakawa marafiki wa kuandikiana. Mwishoni mwa Novemba 1873 Cantor alimuuliza mwenzake: je, namba halisi zinaweza kupangwa kwenye orodha, ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuacha hata moja? Sehemu zinaweza. Dedekind alijibu kwamba hajui. Tarehe 7 Desemba Cantor akaandika kwamba haiwezekani, na uthibitisho akautia ndani ya barua.

Uthibitisho rahisi zaidi aliutoa baadaye, mwaka 1891, na unaweza kuufuata. Tuseme mtu amekuletea orodha, anadai imebeba namba zote halisi kati ya 0 na 1, kila moja kwa desimali zake. Itazame tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza: kama ni 4, wewe andika 7, kama si 4, andika 4. Itazame tarakimu ya pili ya namba ya pili, ufanye vivyo hivyo, kisha ya tatu ya namba ya tatu, na kuendelea. Namba unayoiunda inatofautiana na ya kwanza kwenye tarakimu ya kwanza, na ya pili kwenye tarakimu ya pili, na kila iliyomo mahali fulani. Haimo kwenye orodha. Mtu huyo akiiongeza, unarudia, na unapata nyingine iliyoachwa.

Nilizunguka mitaa ya Halle nikiwaza matokeo yake. Kila programu ya kompyuta ni mfuatano wa herufi wenye mwisho, kwa hiyo programu zote zinaweza kupangwa kwenye orodha: fupi kwanza, ndefu baadaye. Namba halisi haziwezi. Maana yake ni kwamba namba ambazo programu inaweza kuzitoa tarakimu moja baada ya nyingine, ambazo mwanahisabati Alan Turing wa Uingereza alizichunguza mwaka 1936, ni chache mno zikilinganishwa na zilizobaki. Kipeuo cha 2 ni mojawapo ya hizo chache. Pai nayo, ambayo mwanahisabati Johann Lambert alithibitisha katika miaka ya 1760 kwamba si sehemu, na ambayo 22/7 yenu ni jirani yake tu. Karibu namba zote nyingine hazina fomula wala programu ya kuzifikia. Bila hizo mstari ungetoboka, na hesabu za mabadiliko zingekosa pa kusimama. Tunazitegemea zote kwa pamoja, ingawa moja moja nyingi hatutazijua kamwe. Ndiyo maana nakusihi usiridhike na kukariri kwamba namba halisi ni za sehemu na zisizo za sehemu. Maneno hayo yanakupa majina ya makundi. Maana yenyewe ni kwamba hakuna tundu.

Kwa hiyo nikujibu waziwazi. Kipeuo cha pili cha 2 ni namba kamilifu sawa na 5 au 3/4. Makadirio ni 1.414. Ukiizidisha 1.414 kwa yenyewe unapata 1.999396, na ukiwa katikati ya swali refu, pengo hilo dogo hukua. Acha alama ya kipeuo mpaka mstari wa mwisho, kisha ndipo ukadirie kama swali linataka desimali. Mtu akikwambia ni ubishi wa vitabuni, mwoneshe 9,801 na 9,800, umuulize kama ni namba moja.

Mama yako msalimie sana, na bibi mwambie dawa za kuchua nitakuja nazo nikijaliwa. Wewe nakuachia kazi. Chukua uthibitisho ule wa kiasi na asili, uujaribu kwa kipeuo cha 3: badala ya kuuliza shufwa au witiri, uliza kama inagawanyika kwa 3. Utakubali. Kisha ujaribu kwa kipeuo cha 4, ambacho sote tunajua ni 2. Lazima ukwame mahali, la sivyo tungekuwa tumethibitisha uongo. Nitafutie ni hatua ipi hasa inayokataa na kwa nini, uniandikie kwa maneno yako mwenyewe.

Mama mdogo wako anayekupenda